Kutoka "Hatujaona Uhusiano" hadi "Hakuna Uhusiano": Mwongozo wa Kupima Kama Ualbino Husababisha Usonji

Mtoto mwenye ualbino anapogundulika pia kuwa na usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mienendo), swali la kwanza la familia, na mara nyingi la daktari mwenyewe, ni kama hali ya kwanza ndiyo iliyoleta ya pili. Majibu mawili hutolewa haraka mno. La kwanza ni kwamba bila shaka zinahusiana, kwa kuwa zimekutana katika mwili mmoja; la pili ni kwamba hazihusiani, kwa kuwa uhusiano wenyewe haujathibitishwa. Yote mawili yana kasoro, lakini kasoro ya jibu la pili ndiyo isiyosemwa sana. Kutoonekana kwa uhusiano hakuwi ushahidi wa kutokuwepo kwake mpaka mtafiti aonyeshe kwamba, kama ungekuwepo, njia aliyoitumia ingeuona.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa tiba na afya ya jamii, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na waandishi wa habari za sayansi wanaotaka kufikia hitimisho la "haisababishi" kwa njia inayoweza kutetewa. Nimechagua ualbino na usonji kwa sababu mbili. Kwanza, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa cha ualbino duniani, hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400, wakati Ulaya hukadiriwa kuwa 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Pili, dai lenyewe lipo katika maandiko ya kitabibu: mwaka 1978 ilichapishwa taarifa ya wavulana wawili wenye hali zote mbili, na mwaka 2008 madaktari wa Nigeria wakaeleza habari za mvulana wa miaka 13 wa aina hiyo hiyo, wakipendekeza kwamba huenda kuna kiungo cha kijenetiki.

Hatua ya kwanza: liandike dai mpaka liweze kushindwa

Dai kwamba "ualbino unahusiana na usonji" haliwezi kupimwa, kwa kuwa kila upande kati ya pande zake mbili ni mkusanyiko wa mambo mengi. Ualbino wa ngozi, nywele na macho una aina kadhaa. Aina ya kwanza hutokana na jeni ya TYR katika kromosomu ya 11. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, hutokana na jeni ya OCA2 katika kromosomu ya 15. Ya tatu na ya nne hutokana na jeni nyingine kabisa. Zaidi ya hizo kuna magonjwa adimu ambayo upungufu wa rangi ni dalili mojawapo tu, kama ugonjwa wa Chediak-Higashi, ambao hudhoofisha kinga ya mwili na huharibu mishipa ya fahamu. Mtafiti akiwaweka wote hao kapu moja, atapata jibu ambalo halimhusu yeyote kati yao.

Kwa hiyo andika hivi: "Je, kurithi nakala mbili zenye hitilafu za jeni ya OCA2 (moja ya baba, moja ya mama), bila upungufu mwingine wa kromosomu, huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na usonji?" Kisha amua njia unayoizungumzia. Hitilafu ya jeni inaweza kudaiwa kuathiri ubongo moja kwa moja, au kupitia uoni hafifu, au kupitia namna jamii inavyomtendea mtoto. Mfano wa ugonjwa wa seli mundu unafundisha hapa: ugonjwa huo huathiri kujifunza kwa watoto wengi, lakini hupitia kiharusi, majeraha madogo ya ubongo yasiyo na dalili za wazi, upungufu wa damu na kulazwa hospitalini mara kwa mara. Anayekana athari ya moja kwa moja hajakana bado athari inayopita njia nyingine, na ni lazima aseme wazi amekana ipi.

Hatua ya pili: hesabu bahati kabla ya kutafuta sababu

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Tanzania kuwa na watu milioni 61.7. Wakiwa na ualbino 1 kati ya 1,400, wanakuwa kama 44,000. Kiwango cha usonji duniani kilichozoeleka kunukuliwa ni takriban mtu 1 kati ya 100. Basi, hata kama hali hizi mbili hazijuani kabisa, tungetarajia watu wapatao 440 nchini wenye zote mbili kwa pamoja.

Taarifa ya mtoto mmoja, wawili au hata kumi haiongezi chochote juu ya hapo. Thamani yake ni kuibua swali, wala haiwezi kulijibu. Inafaa pia kukumbuka kwamba hakuna jarida linalochapisha habari za mtoto mwenye ualbino asiye na usonji, kwa hiyo anayesoma taarifa za mtoto mmoja mmoja husoma upande mmoja tu wa daftari la hesabu.

Hatua ya tatu: uliza watoto walipatikana wapi

Ukienda kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa, utakutana na watoto wenye ualbino waliofikishwa huko kwa sababu wana tatizo zaidi ya moja. Mwenye tatizo moja aliishia zahanati au hakupelekwa kokote. Kliniki itakuonyesha uhusiano ambao kijijini haupo. Shule za bweni zenye vitengo vya mahitaji maalumu zina kasoro ya namna hiyo hiyo, maana zimekusanya kwa makusudi watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada ambalo mtafiti wa nje anaweza asilifikirie. Kutokana na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, baadhi ya watoto walitengwa na familia zao na kuwekwa kwenye vituo vya hifadhi wakiwa wadogo sana. Utafiti wa watoto waliolelewa katika vituo vya Romania, kisha wakaasiliwa na familia za Uingereza, ulionyesha kuwa kunyimwa malezi ya karibu utotoni kunaweza kuzaa tabia zinazofanana na usonji, ambazo kwa baadhi yao zilipungua kadiri walivyokua. Ukiwapima watoto wa kituoni ukawalinganisha na watoto wanaoishi na wazazi wao, utakuwa umepima kutengwa, si jeni. Orodha nzuri ni ile inayoanzia vizazi au kaya, pamoja na wale wasioonekana kuwa na shida yoyote.

Hatua ya nne: hakikisha kipimo cha usonji hakipimi macho

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na retina ambayo kitovu chake hakikukua kikamilifu, na nyuzi za neva ya macho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo kupita kiasi cha kawaida. Matokeo yake ni uoni hafifu ambao miwani huusaidia kwa sehemu tu, macho yanayochezacheza bila kukusudia, na kuumizwa na mwanga. Sasa mtazame mtoto huyo darasani. Huinamisha kichwa upande mmoja, kwa kuwa katika pembe hiyo macho yake hutulia. Hushika daftari karibu na pua. Mwalimu akitabasamu kutoka ubaoni, hajibu. Rafiki akimpungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja, haitiki. Saa sita mchana hukataa kutoka nje kucheza. Hamwangalii mtu usoni kwa namna tuliyoizoea, na akimwangalia, macho yenyewe hayatulii.

Fungua sasa dodoso lolote la kuchunguza usonji kwa watoto wadogo. Litauliza kama mtoto hukutazama machoni, kama hufuata kidole unapoonyesha kitu cha mbali, kama hurudisha tabasamu, kama huvutiwa na watoto wenzake. Mtoto mwenye ualbino anaweza kupoteza alama katika kila swali kati ya hayo bila kuwa na usonji hata kidogo. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mwenye usonji wa kweli anaweza kunyimwa utambuzi kwa sababu kila dalili yake imeelezwa kuwa "ni macho tu".

Njia ya kutoka ni kumpima mtoto akiwa amevaa miwani yake, katika chumba chenye mwanga wa wastani, vitu vikiwa karibu, na kuipa uzito mkubwa mienendo isiyotegemea macho. Je, huitika kwa jina lake anapoitwa kwa sauti? Je, lugha yake ilichelewa au ilirudi nyuma? Je, hubadilishana maneno katika mazungumzo au hurudia sentensi alizozisikia? Je, hufadhaika kupita kiasi ratiba inapobadilika? Aidha, weka kundi linganishi la watoto wenye uoni hafifu unaotokana na sababu nyingine, kama mtoto wa jicho wa kuzaliwa. Alama zao zikifanana na za watoto wenye ualbino, ongezeko ulilodhani ni la ualbino linaelezwa na uoni, na OCA2 yenyewe haihitajiki katika maelezo hayo.

Hatua ya tano: wajue majirani wa jeni

Wale waliopendekeza kiungo cha kijenetiki hawakuwa wakibahatisha tu. Jeni ya OCA2 inakaa katika eneo la kromosomu ya 15 liitwalo 15q11-q13, eneo ambalo ni maarufu kwa matatizo ya ukuaji wa ubongo. Humo mna UBE3A, ambayo nakala yake ya upande wa mama ikikosekana husababisha ugonjwa wa Angelman. Mna jeni ambazo nakala zake za upande wa baba zikikosekana huleta ugonjwa wa Prader-Willi. Na mna jeni tatu za vipokezi vya GABA (kemikali inayotuliza mawasiliano ya seli za ubongo), zilizo jirani kabisa na OCA2. Eneo hilo likijirudia mara mbili upande wa mama, hatari ya usonji huongezeka sana. Kwa macho ya haraka, ualbino na usonji wanaishi nyumba moja.

Lakini kuwa jirani si kuwa msababishi, na tofauti inaonekana ukipima ukubwa wa hitilafu. Hitilafu ya OCA2 iliyoenea zaidi Afrika, na ambayo imegunduliwa kwa wingi Tanzania, ni kukatika kwa kipande cha herufi za DNA 2,700 hivi ndani ya jeni hiyo hiyo. Upungufu unaosababisha Angelman au Prader-Willi hufagia herufi milioni 5 hadi 6, na kuondoka na OCA2 pamoja na majirani zake wote. Kipande kidogo hakimgusi jirani. Kipande kikubwa hakimwachi.

Jambo hili lina tokeo ambalo ningependa kila anayefanya utafiti huu alifanyie hesabu mwenyewe. Ikiwa ualbino ni 1 kati ya 1,400 na tukichukulia kuwa wote ni wa OCA2 na ndoa hazichagui ukoo, basi kromosomu 1 kati ya 37 hivi imebeba nakala yenye hitilafu, na mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji asiye na dalili. Mtoto aliyepoteza eneo lote hilo (kwa kifupi, 15q) upande wa baba anabaki na OCA2 moja tu, ile ya mama. Nayo ikiwa na hitilafu, anazaliwa na ualbino. Uwezekano huo ni 1 kati ya 37, badala ya 1 kati ya 1,400. Kwa maneno mengine, miongoni mwa watoto wenye Prader-Willi au Angelman wa aina hii, ualbino ungejitokeza karibu mara 38 zaidi ya kawaida, ingawa ualbino haukusababisha chochote katika ubongo wao.

Endelea na hesabu. Kila mojawapo ya magonjwa hayo mawili hutokea takriban mara 1 katika vizazi 15,000, na kama asilimia 70 hutokana na upungufu huo mkubwa. Kwa viwango hivi, kati ya watu wenye ualbino, 1 kati ya 290 hivi angekuwa na upungufu wa eneo zima. Wote wakihesabiwa kuwa na usonji, kiwango cha usonji katika kundi zima kingepanda kutoka asilimia 1 hadi karibu 1.3, na mtafiti asiyejua angetangaza ongezeko la theluthi moja lililotokana na majirani. Kwa hiyo kila mtoto mwenye hali zote mbili apimwe kwanza kromosomu ya 15, kwa kipimo cha upungufu na kipimo cha methilesheni (alama za kikemikali zinazotofautisha nakala ya mama na ya baba), kabla ya kuingizwa katika hesabu ya mwisho.

Hatua ya sita: linganisha ndugu

Ualbino hurithiwa kwa nakala mbili, kwa hiyo katika kila ujauzito wa wazazi wawili wabebaji kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Nani anapata na nani anakosa huamuliwa na mgawanyo wa kromosomu, wala si na kipato, ukoo, kijiji au umri wa wazazi. Hata ndoa za ndugu wa karibu, ambazo huongeza kwa wakati mmoja ualbino na ulemavu wa akili wa kurithi, hazivurugi sana ulinganisho huu, kwa kuwa ndugu wote wana wazazi wale wale. Familia zichaguliwe kwa kuwa na mtoto mwenye ualbino tu. Ukizichagua kwa sababu ya usonji, umekwisha kuharibu hesabu.

Nguvu ya ulinganisho wa ndugu ilionekana wazi mwaka 2024, katika utafiti wa Uswidi wa watoto takriban milioni 2.48 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019, uliouliza kama parasetamoli wakati wa ujauzito husababisha usonji. Watoto walipolinganishwa kwa ujumla, hatari ilionekana kupanda kidogo, kwa uwiano wa 1.05 (1 humaanisha hakuna tofauti). Walipolinganishwa ndugu kwa ndugu, uwiano ulishuka hadi 0.98, na mipaka yake, yaani masafa ambamo thamani ya kweli inaelekea kuwamo, ilikuwa 0.93 hadi 1.04. Kilichoonekana mwanzoni kilitoka kwa mambo ambayo ndugu wanashirikiana.

Kuna angalizo moja kwa upande wetu. Ndugu wawili wenye ualbino wamerithi kipande kile kile cha 15q pamoja na majirani zake, kwa hiyo tofauti ikijitokeza kati yao na ndugu zao, bado jirani anaweza kulaumiwa. Tofauti isipojitokeza, OCA2 na majirani waliosafiri nayo huondolewa lawama kwa pamoja.

Hatua ya saba: taja mapema ukubwa wa athari unaotaka kuukana

Hakuna utafiti unaoweza kuthibitisha athari ya sifuri kamili. Unachoweza ni kukana athari iliyo kubwa kuliko kiwango ulichokitaja kabla ya kuona takwimu. Tuseme umechagua ongezeko la mara mbili. Ukiwapima watoto 300 wenye ualbino na kukuta 3 wenye usonji, kiwango ni asilimia 1, sawasawa na cha jamii, na wengi wangeandika "hakuna uhusiano". Lakini mipaka ya uhakika wa asilimia 95 inaanzia 0.2 hadi 2.9, maana yake hatari iliyo karibu mara tatu bado inawezekana. Ukiwapima 3,000 na kukuta 30, mipaka inakuwa kama 0.7 hadi 1.4, na hapo ndipo unapoweza kukana ongezeko la mara mbili. Thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) iliyo juu ya 0.05 peke yake haisemi lolote kuhusu hili.

Mfano wa kukana uliofanikiwa ni chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Dai kwamba chanjo hiyo husababisha usonji, lililoanzia kwenye taarifa ya watoto 12 ya mwaka 1998, iliyofutwa na jarida lake mwaka 2010, lilijibiwa na tafiti nyingi, mmojawapo ukiwa wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461. Uwiano ulikuwa 0.93, na mpaka wa juu ni 1.02. Mpaka huo wa juu ndio unaostahili kunukuliwa, kwa kuwa ndio unaosema ni kiasi gani cha hatari kingeweza kubaki kimejificha.

Hatua ya nane: jaribu njia yako kwa jambo linalojulikana

Aliyetega jarife, wavu wa matundu makubwa, asirudi kusema kuwa baharini hakuna dagaa. Kabla ya kutangaza kwamba hukuona uhusiano, tumia dodoso lile lile, wapimaji wale wale na orodha ile ile kwa hali ambayo uhusiano wake na usonji haubishaniwi, kama ugonjwa wa kijenetiki wa tuberous sclerosis au ule wa Fragile X. Kama njia yako haikuona ongezeko huko, sifuri yako kwa upande wa ualbino haina maana. Katika nchi ambako watoto wengi wenye usonji hawajawahi kuonwa na mtaalamu, jaribio hili si la hiari. Kwa sababu hiyo hiyo sikubali hoja kwamba ualbino hauwezi kuwa sababu kwa vile Ulaya wenye ualbino ni wachache na usonji ni mwingi: tofauti ya nchi na nchi hupima kwanza idadi ya wataalamu.

Hatua ya tisa: andika hukumu pamoja na mipaka yake

Kwa ushahidi wa aina niliyoueleza, hukumu ninayoweza kuitia sahihi kuhusu taarifa za 1978 na 2008 ni hii: kukutana kwa hali hizi mbili kwa watu wachache kunatarajiwa kwa bahati, upungufu mkubwa wa 15q unaweza kuzileta pamoja bila moja kuisababisha nyingine, kwa hiyo taarifa hizo hazitoi sababu ya kuamini kwamba hitilafu ya kawaida ya OCA2 husababisha usonji. Kusema "haisababishi" kwa ukamilifu kunahitaji matokeo ya hatua ya sita na ya saba, yakiwa na namba na mipaka yake.

Mzazi akiuliza, lugha inabadilika lakini maana inabaki ile ile: "Mama, mtoto wako ana hali mbili, na kuwa nazo mbili hakuonyeshi kwamba moja imeleta nyingine. Ualbino wake tutautunza kwa miwani, kofia na mafuta ya kujikinga na jua. Usonji wake tutauhudumia kwa mazoezi ya mawasiliano. Kabla ya hapo tutampima damu, tuangalie kama kuna kipande cha kromosomu kilichopungua." Asiambiwe kwamba ni lazima watoto wenye ualbino wachunguzwe usonji kuliko wengine, wala asiambiwe kwamba tabia za mwanawe ni za macho tu kabla hajapimwa.

Mwishoni mwa ripoti orodhesha mambo yatakayokulazimu kulifungua upya jalada: ongezeko linalobaki kwa ndugu baada ya kuwaondoa wenye upungufu wa 15q, ongezeko kwa wabebaji wa nakala moja, ambao kwa hesabu ya hapo juu ni zaidi ya watu milioni 3 Tanzania na wana macho ya kawaida, au tofauti inayojitokeza dhidi ya watoto wenye uoni hafifu wa sababu nyingine. Wabebaji ndio ningeanza nao, kwa kuwa wanapatikana kila kijiji na kipimo cha usonji kwao hakivurugwi na macho.